Wale wa Juu Husema Kishina

Shirmun, Hunza
4 Aprili 1983

Mjomba wangu Hubb Ali,

Ya Ali madad. Nabusu mkono wako na wa mkaza-mjomba Gohar. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya watu waliomaliza unga wa majira ya baridi na hawajauona mpya. Mama magoti yanamsumbua ila ulimi mzima. Huko bondeni aprikoti zimeshachanua, za huku kwetu juu bado zinafikiria. Ng'ombe amezaa ndama dume, na Baba amemtazama kama mtu aliyeletewa barua ya jirani. Shule yangu ya wasichana imewekwa madirisha, vioo tumeambiwa vinakuja.

Sasa nikueleze kilichonikalisha kuandika.

Juma lililopita mkuu wa kijiji alimwoza mwanawe. Ngoma zilipigwa na Wabericho, ule ukoo wa wapiga ngoma wa mtaa wa chini, na matawi ya mtarakwa yalichomwa kwenye kikaango cha chuma kama kawaida, ili harusi inukie. Mdogo wangu Nayab alikuwa amekaa na vijana wenzake, mkate mkononi. Akainuka. Akaenda kuweka uso wake kwenye ule moshi akauvuta mpaka macho yakabaki meupe. Halafu akacheza, Mjomba, yule Nayab ambaye ukimvuta kwenye ngoma hujifanya ana mwiba mguuni. Mwisho akaegemeza sikio kwenye ngozi ya ngoma, akasikiliza, akaimba.

Aliimba Kishina.

Nayab hajui Kishina. Alifanya kibarua cha barabara na vijana wa Gilgit mwaka juzi akarudi na "njoo", "maji", na matusi ya mama mkwe, basi. Lakini wewe unajua wanavyosema wazee: pari, wale majini wa kike wanaokaa kwenye vilele, hawana lugha nyingine, na wakimchagua mtu akawa bitan wao, wanaimba kwa mdomo wake kwa Kishina, apende asipende.

Siku zote bitan akiimba, mzee Hurmat mpiga zumari ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Wabericho nyumbani wana Kidomaki chao, ila yeye Kishina alikiokota kwa kuzunguka kwenye harusi za watu. Alikufa kwenye baridi hii. Tulimlilia vizuri, na hakuna aliyekumbuka kwamba tunazika pia mkalimani wa wale wa juu. Kwa hiyo Nayab alipoimba tulisimama kijiji kizima, vichwa upande, kama kuku wanaosikiliza redio.

Maneno mawili tuliyajua sote. Moja ni Niyat Shah, jina la Baba, likirudiwa. La pili ni Gurpin, malisho ya ng'ambo ya barafu ambako Baba huongoza mbuzi wa kijiji kila Juni.

Nimeandika sauti nilizozishika, kwa herufi za Kiurdu, maana hata lugha yetu wenyewe haina zake. Wewe umeishi na Washina miaka yote hii, na umeoa kwao. Niambie amesema nini. Jibu litume shuleni kwa mkono wa dereva Sarfaraz, si nyumbani. Baba anasema ni upuuzi. Amesema hivyo mara nyingi mno.

Mpwa wako,
Mehrangez


Gilgit
23 Aprili 1983

Mpwa wangu Mehrangez,

Ya Ali madad. Barua yako imesafiri chini ya dumu la mafuta ya taa, na imefika ikinuka kama lori lenyewe. Gohar anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nami nauliza, kwa sababu amesimama nyuma yangu. Sasa ameondoka, usijibu.

Dukani kazi ipo. Fundi cherehani akikaa Gilgit hahitaji kusafiri, dunia inamjia kupimwa kiuno. Mshina hubishana bei kabla hajavua koti. Mchitrali huomba radhi kwa kuwa na mwili. Mwakhi hunyamaza, nguo inambana, analipa, anakwenda zake, na mwaka unaofuata anarudi na nguo ile ile bila kusema neno. Sisi Waburusho tunahesabu vifungo. Mimi sikusoma, lakini nimekaa nikisikiliza huku nikishona, na nimeona hivi: Kishina, ukikisikiliza vizuri, ni ndugu wa mbali wa Kiurdu, na Kidomaki cha wapiga ngoma ni ndugu yao mwingine, yule asiyealikwa. Kiwakhi na Kiajemi ni ukoo wa pili, na babu wa koo hizo mbili wanasema ni mmoja. Ila Kiburushaski chetu hakina ndugu popote duniani. Ni yatima anayekaa kwenye nyumba yake mwenyewe, na majirani wote ni watu wa familia moja. Nadhani ndiyo maana tunapenda kugombana.

Kuhusu ile karatasi. Mwanangu, umeandika vizuri kwa Kiurdu, lakini Kishina hupandisha na kushusha sauti, na kalamu haina mabega. Nimesoma juu chini, nimeona maneno mawili matatu tu, theluji, sijui nini, ya harusi harusi. Usijisumbue.

Nayab anaendeleaje? Analala?

Halafu mwambie baba yako kuna daktari wa macho amekuja hapa, mzuri sana. Aje Juni. Nauli nitatoa mimi.

Mjomba wako,
Hubb Ali


Shirmun
11 Mei 1983

Mjomba,

Ya Ali madad. Hatujambo. Magoti ya Mama vilevile. Shayiri imetoka ardhini. Barua yako ilichelewa kwa sababu mlima umemwaga mawe barabarani, na Sarfaraz alisubiri huko akicheza karata na watu waliokuja kuyaondoa.

Mjomba, tangu nizaliwe sijasikia umemlipia mtu nauli. Mama alipokwenda kujifungua Gilgit alikuja na nauli yake na yai la kukuletea. Na macho ya Baba yanamwona mbuzi akiwaza kutoroka upande wa pili wa bonde. Kwa hiyo ninajua umesoma karatasi yote.

Umeuliza kama Nayab analala. Analala juu ya paa, kwenye baridi hii, uso kwenye mlima. Amekataa nyama ya ng'ombe, na maziwa yake, na siagi yake. Anasema harufu inamchoma. Wazee wanatazamana, kwa sababu ng'ombe ni najisi kwa wale wa juu na kila bitan ameanza hivyo. Watu wameshaanza kuja mlangoni. "Nayab mwanangu, nimepoteza jembe." "Nayab, mke wangu atazaa nini?" Anawatazama kwa huruma kama mtu ambaye hakuulizwa swali lenyewe.

Jana usiku nilimpelekea blanketi. Nikamwambia, "We Nayab, acha mchezo, shuka ndani." Akasema, "Dada, sichezi. Naogopa kuliko wewe. Ninafumba mdomo nikilala, ninaufunga na kitambaa. Kumbe wanajua kufungua."

Baraza la kijiji limeamua acheze tena kabla mbuzi hawajapanda Gurpin, katikati ya Juni. Atachinjiwa mbuzi, atakunywa damu kwenye kichwa cha huyo mbuzi kama wanavyofanya, na wanamtafuta kibarua wa barabarani ajuaye Kishina aje kutafsiri. Fikiria hilo. Kama maneno ni ya kifo na yule mtu akayasema mbele ya kijiji, unamjua Baba. Mtu akimwambia mvua inakuja, anavua kofia. Ataambiwa usiende, atakwenda usiku ule ule. Na kama maneno ni ya uongo, watamtandika mdogo wangu kwa kuwatisha watu, na atakayemtandika kwanza ni Baba.

Nataka kubaki nao wote wawili. Sina ombi jingine. Niambie karatasi imesema nini.

Mehrangez


Gilgit
27 Mei 1983

Mpwa wangu,

Ya Ali madad. Gohar mzima, mimi mzima, cherehani ina homa.

Haya. Sikuelewa kwa macho, hilo ni kweli. Basi nikaisoma kwa sauti jikoni, Gohar akikanda unga. Yeye Kishina alizaliwa nacho. Nilipofika katikati, aliacha kukanda. Nilipomaliza, akanawa mikono mpaka viwiko, akasema, "Umeleta nini ndani ya nyumba yangu?" Akautupa ule unga wote. Wewe unamjua Gohar: huyu ni mtu anayepika maganda.

Maneno ni haya. *Niyat Shah, tunakushonea joho jeupe huko Gurpin. Mikono tayari, kifua tayari, kola tayari. Njoo ulivae.*

Mimi ni fundi. Kola huwekwa mwisho.

Sasa usianze kulia, soma. Mimi si mtu wa pari, mimi ni mtu wa sindano. Najiambia kijana alisikia wimbo fulani kule barabarani, ukamkaa kichwani, moshi ukamtolea. Najiambia hivyo asubuhi. Jioni sijiambii kitu. Kwa hiyo nimepanga hivi: msimtafute mtu wa barabarani. Mwambie mkuu wa kijiji kwamba mjomba anakuja, kaishi na Washina, atatafsiri bure. Neno "bure" atalisikia. Nitakuja siku tatu kabla. Nayab ataimba atakachoimba, na mimi nitasema kwamba wale wa juu wanamtaka Niyat Shah alinde mfereji wa maji mwaka huu. Mkalimani ni kama fundi, mteja anaona nje tu, bitana anaijua aliyeshona.

Gohar anasema anayegeuza maneno yao hupinda mdomo. Nimemwambia wangu ulishapinda kwa kushika pini.

Nisubirini.

Hubb Ali


Shirmun
16 Juni 1983

Mjomba,

Ya Ali madad. Mama anakusalimu. Forosadi zimeiva.

Tulikusubiri. Tukaambiwa mawe yameanguka tena na barabara imefungwa. Jana Sarfaraz amefika kwa miguu, gari kaliacha upande wa pili, na anasema watu wanavuka maporomoko tangu wiki iliyopita, na mizigo, na kuku. Sisemi kitu.

Ngoma ilikuwa juzi. Watu wa barabara wote wamehamishiwa huko chini kwenye mawe, kwa hiyo Mshina hakuwepo hata wa dawa. Mkuu wa kijiji alikuwa anazunguka na fimbo akisema, "Tumechinja mbuzi, tumechoma moshi, Wabericho wamekula, na hakuna wa kutuambia kitu? Tutakuwa tumemlipa kijana atupigie kelele?"

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ninajua. Mjomba amenifundisha kwa barua."

Kijiji kilicheka. Bibi mmoja akasema, "Pari wa posta hao, stempu zao ziko wapi?" Baba hakucheka. Lakini kulikuwa na mwingine? Wakaniweka karibu na ngoma.

Nayab alikunywa ile damu. Sitaki kuieleza. Akacheza muda mrefu, akaja kuweka sikio kwenye ngoma, na alipoanza kuimba alikuwa ananitazama mimi. Siyo Baba, mimi. Hapakuwa na jina la Baba safari hii. Palikuwa na neno moja lililorudi, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Nilikuwa nimepanga kusema ulichopanga, habari ya mfereji. Kisha nikamwona Baba amekunja mikono, kidevu juu, anangoja kukatazwa ili akatae. Nikabadilisha hapo hapo. Nikasema, "Wale wa juu wanamwamuru Niyat Shah aende Gurpin. Atangulie mbele ya wote, kesho alfajiri, na asiulize sababu."

Baba akapangusa suruali. Akasema, "Niliishi enzi za utawala wa Mir, na hata watu wa Mir walinigongea mlango kabla ya kunituma. Sasa wanawake wasio na miguu wananipangia saa ya kuamka? Mwaka huu nakaa nyumbani. Mbuzi wana miguu yao."

Watu walishika vichwa. Mkuu wa kijiji akambembeleza, ndipo Baba akazidi kukaza. Mjomba, nilitamani kucheka. Nilikuwa nimefaulu. Nilikuwa nimewadanganya wale wa juu na baba yangu kwa sentensi moja.

Ndipo Nayab, bado ameketi pale kwenye vumbi, damu kidevuni, akasema kwa Kiburushaski chake cha kila siku, "Mbuzi hawawezi kukosa mtu. Nitawapeleka mimi."

Jana alfajiri ameondoka nao. Sisi wanawake hatupandi malisho ya juu, tunaishia shamba la mwisho. Nilisimama pale mpaka wamekuwa madoa juu ya barafu.

Nimeandika wimbo wa pili, huu hapa. Safari hii nilikuwa karibu, nimeshika kila neno. Usiniambie kalamu haina mabega.

Mehrangez


Gilgit
2 Julai 1983

Mehrangez mwanangu,

Ya Ali madad.

Sarfaraz amesema kweli. Nilifika kwenye mawe. Watu walikuwa wanavuka, na kuku walikuwepo. Nilikaa juu ya begi langu toka asubuhi, nikaona nimeanza kuimba ule wimbo wa joho, taratibu, na sauti zake za kupanda na kushuka zote mahali pake, mimi ambaye nimekaa na Gohar miaka thelathini na bado hunicheka nikiagiza chumvi. Nikarudi. Nilimwambia Gohar njia imefungwa. Aliniangalia miguu, haikuwa na vumbi la kutosha.

Mara ya kwanza nilikuficha na siku zikapotea. Sikufichi tena. Gohar amekataa kusikia. Ameenda kwa dada yake na mkeka wake. Lakini hapakuwa na haja yake. Umeandika vizuri mno. Nimeelewa yote kwa kusoma mara moja.

Lile neno lililorudi ni "dada".

*Dada, tumekusikia. Tulimwita mzee, umetupatia kijana. Tumeridhika, dada. Hatutamrudia mzee.* Na waliimba hivyo kabla wewe hujasema neno.

Mtelemshe Nayab. Usingoje ushauri wa mtu, usimwambie mkuu wa kijiji, atataka kuitisha baraza. Mwambie baba yako. Mwambie kweli, kwamba ulisema uongo na kwa nini. Atakupiga au hatakupiga, lakini atapanda, kwa sababu hakuna atakayekuwa amemtuma.

Mimi siji. Ninaogopa. Nimefunga duka kwa muda. Mteja akinisemesha Kishina natoka nje.

Mjomba wako


Shirmun
25 Julai 1983

Mjomba,

Ya Ali madad. Mama na Baba wanakusalimu. Aprikoti tumeanika paani.

Barua yako ilinikuta darasani. Niliwaacha wasichana wakisoma nikaenda kwa Baba kwenye mfereji, nikamwambia yote nimesimama. Hakunipiga. Alichomeka sepetu ardhini, akaniuliza tu, "Kwa hiyo mimi nilidhani ninakataa?" Akachukua fimbo. Hakurudi nyumbani kuchukua hata mkate.

Walikaa huko siku kadhaa. Kila jioni nilikwenda shamba la mwisho. Siku nilipoona madoa mawili yanatembea kwenye barafu, nilikaa chini kwenye shayiri ya watu nikairarua.

Nayab ameshuka kwa miguu yake, Mjomba. Ni mzima. Hana jeraha, hana homa. Baba anasema alimkuta nje ya kibanda, mbuzi wote wapo, wamekamuliwa, moto unawaka. Nayab alimpokea vizuri sana, akamtandikia ngozi. Alimkaribisha kwa Kishina.

Baba alidhani ni moshi, utaisha. Akamsemesha Kiburushaski njia nzima, juu ya barafu, yeye ambaye hana maneno. Nayab alikuwa anasimama kila Baba akifungua mdomo, anamngoja amalize, kwa adabu, kama unavyongoja mbwa wa mwenyeji amalize kubweka.

Hana lugha yetu tena. Nimemwonyesha kikombe, nimetaja kikombe. Nimemtajia jina la Mama, jina langu. Nimemwimbia alichokuwa anaimba akichunga ndama. Anatazama mdomo wangu unavyokwenda, kisha anatabasamu kidogo, kama mgeni. Kiurdu cha shule hana. Wenye Kishina wote huku sasa ni wale wa juu.

Watu wamefurahi. Wanasema hatujapata bitan wa namna hii tangu enzi za mababu, wanaleta jibini mlangoni. Mkuu wa kijiji ananiamkia mimi, mkalimani. Ananiuliza, "Anasemaje leo, mwalimu?" Mjomba, ninajibu. Ninasema anawaombea heri. Ningefanya nini?

Lakini kuna neno moja analolisema, ndilo hilo hilo, tangu aliposhuka, na si lile la "dada", hilo ningelijua. Analisema kwa upole, akishika mkono wa aliye karibu, na akimaliza anangoja. Akiona hatujibu, macho yake yanaogopa, analisema tena. Huyo anayeogopa ni Nayab wetu, ninamjua. Sitaliandika. Nimeapa sitaandika tena kitu chao chochote. Itabidi uje ulisikie kwa masikio yako, pamoja na woga wako, mlete na Gohar.

Mama anadhani anaomba chakula. Baba anadhani anaomba ruhusa ya kwenda. Basi kila akilisema, Mama humletea mkate, na Baba hufunga mlango.

Mehrangez